Sura ya Sita: Chama cha Pwani Katika Kura za Temeke na Kinondoni

Chukua ramani ya Tanzania Bara, uweke alama kwenye kila jimbo ambalo Chama cha Wananchi, CUF, kilishinda Oktoba 2015. Utaanzia Tanga Mjini, utashuka hadi Kinondoni na Temeke, utavuka Rufiji uingie Kilwa Kaskazini na Kilwa Kusini, upite Mchinga, ufike Mtwara Mjini. Ukiingia bara kidogo utakutana na Liwale na Tandahimba, kwenye nchi ya korosho. Majimbo tisa hayo, na yote ni ya Pwani au ya watu wa Kusini ambao mji wao mkubwa, tangu enzi za babu zao, ni Dar es Salaam. La kumi, Kaliua, liko peke yake mkoani Tabora, mkoa anakotoka Profesa Ibrahim Lipumba, aliyekiongoza chama hicho tangu 1999. Ng'ambo ya bahari kuna Pemba, iliyokuwa ngome ya CUF.

Kwa mujibu wa sheria zetu, chama cha namna hiyo hakipo. Ibara ya 20 ya Katiba inakataza kusajiliwa kwa chama kinachokusudia kukuza maslahi ya dini, kabila, rangi, jinsia au mahali watu wanakotoka, na inakataza pia chama kinachokusudia kufanya siasa katika sehemu moja tu ya Jamhuri ya Muungano. Sheria ya Vyama vya Siasa, Namba 5 ya 1992, ikaongeza mizani: wanachama wasiopungua 200 kutoka kila mkoa katika mikoa isiyopungua kumi, na angalau miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar, mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Aliyekataa masharti hayo alibaki nje. Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye chama chake cha DP hakikuukubali Muungano kama ulivyo, alikaa karibu miaka kumi bila usajili wa kudumu.

Walioandika sheria hizo walikuwa na hofu ya kweli. Walikumbuka Zanzibar ya kabla ya 1964, walikuwa wakiitazama Kenya ya 1992 na mapigano ya Bonde la Ufa, na hawakutaka chama cha Wachaga, cha Wasukuma wala cha Wapemba. Mimi siwalaumu. Ila sheria inaweza kukagua kadi za wanachama, haiwezi kumkagua mtu anapoingia kwenye kituo cha kupigia kura akiwa na historia ya kwao kichwani. Kwa hiyo kila chama chetu ni cha kitaifa kwenye daftari la Msajili wa Vyama, na vingi vina kwao kwenye sanduku la kura. UDP ya John Cheyo ilijulikana kwao ni Bariadi. CHADEMA ilianza kupata nguvu Moshi, Karatu na Kigoma kabla haijasambaa. CUF kwao kulikuwa visiwani na Pwani, na mlango wake wa Bara ulikuwa pembezoni mwa Dar es Salaam.

Ieleweke pia kwamba Tanzania Bara hakuna uchaguzi wa mkoa. Mkuu wa mkoa anateuliwa na rais, mkuu wa wilaya vivyo hivyo, na mkurugenzi wa halmashauri hali kadhalika. Mwananchi wa Tandika anachagua mwenyekiti wa mtaa, diwani, mbunge na rais, basi. Mkoa wenyewe hana pa kuupigia kura. Chama chenye nguvu mahali fulani hakiwezi kuomba kuongoza mahali pale. Kinaweza kushinda kata, jimbo, na kikijaliwa kinaweza kuchukua umeya. Kila kilichofanywa na CUF Dar es Salaam kilifanyika ndani ya nafasi hiyo nyembamba.

Kwa nini pembezoni? Anayetoka Lindi, Kilwa au Rufiji huingia mjini kwa Barabara ya Kilwa. Mji wake wa kwanza ni Mbagala Rangi Tatu, na kama ana ndugu, ndugu huyo yuko Charambe, Mtoni, Tandika au Yombo. Mpemba anayefungua duka la vyombo au kuuza vitunguu na nazi anatafuta chumba karibu na msikiti na karibu na wenzake: Buguruni, Magomeni, Tandale, Manzese. Wakawakuta hapo Wazaramo na Wandengereko, wenyeji ambao mji ulikuwa umewazunguka na wakati mwingine umewasukuma kando. Watu hawa hawakuwa kabila moja, lakini walikuwa na mambo mengi ya kushirikiana: dini kwa wengi wao, ngoma, mapishi, utani, na hisia kwamba serikali inapogawa shule, ajira na viwanja, wao huwa mwisho wa foleni. Huwezi kuielewa CUF ya Temeke kama hisia hiyo unaiona ni uzushi. Shule za sekondari zilichelewa kufika mikoa ya Kusini, barabara ya lami ya kwenda Lindi ilichelewa zaidi, na daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa 2003, miaka zaidi ya 40 baada ya Uhuru.

Chama chenyewe kilizaliwa mwaka 1992 kwa kuunganisha makundi mawili: KAMAHURU ya Zanzibar, iliyowakusanya wafuasi wa Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Waziri Kiongozi hadi 1988, na Chama cha Wananchi cha Bara kilichoongozwa na James Mapalala, mmoja wa watu wa kwanza kudai vyama vingi hadharani. Usajili wa kudumu ulikuja Januari 1993. Mapalala hakudumu, akaondoka akiwa amegombana na upande wa visiwani, na hapo ndipo watu wa Bara wenye mashaka walipopata neno la kusema: chama ni cha Wapemba. Uchaguzi wa 1995 ukawapa ushahidi. CUF ilipata viti 24 vya majimbo katika Bunge la Muungano na vyote vilitoka Zanzibar.

Dar es Salaam ya mwaka huo haikuwa na raha. Siku ya kupiga kura, Oktoba 29, vifaa vilichelewa kufika vituoni, uchaguzi wa jiji zima ukafutwa na kurudiwa Novemba 19 huku wapinzani wengi wakiususia. CCM ikachukua majimbo mengi kati ya saba. Lakini mwaka uliofuata mbunge wa Temeke alijiuzulu, na katika uchaguzi mdogo wa Oktoba 1996 Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi akamshinda mgombea wa CCM, Abdul Cisco Mtiro. Mrema alikuwa mtu wa Vunjo, Kilimanjaro. Wazaramo na Wamatumbi wa Temeke walimpa kura hata hivyo. Kumbuka jambo hilo kila utakaposikia mtu akisema watu wa Pwani hupiga kura kwa dini na kabila: Temeke ilimpeleka bungeni Mchaga Mkristo kwa sababu ilitaka mtu wa kuisemea.

CUF ilifika Bara kwa kura mwaka 2000. Ilishinda majimbo mawili: Bukoba Mjini kwa Wilfred Lwakatare na Kigamboni kwa Frank Magoba. Kigamboni ya wakati ule haikuwa fukwe na kivuko peke yake. Ilibeba Mbagala yote na vitongoji vyake vya Barabara ya Kilwa. Ule ndio ulikuwa wakati wa "ngangari", neno ambalo wafuasi wa CUF walilibeba kila pahala, kwenye fulana, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye ubavu wa daladala, mpaka Mkuu wa Jeshi la Polisi, Omari Mahita, akawajibu kwamba polisi wao ni "ngunguri". Januari 2001 maneno yale yaligeuka risasi. CUF iliitisha maandamano kupinga uchaguzi wa Zanzibar. Tarehe 25 Lipumba alipigwa na kukamatwa Dar es Salaam. Tarehe 26 na 27 polisi waliua watu Unguja na Pemba. Human Rights Watch ilihesabu waliouawa kuwa wasiopungua 35, na zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Kwa mara ya kwanza Tanzania ikawa nchi inayotoa wakimbizi.

Familia zilizofiwa Pemba zilikuwa na ndugu Buguruni na Magomeni. Nasema hivi kwa sababu wachambuzi wengi wanaiandika historia ya CUF kana kwamba kuna chama cha Zanzibar na kingine cha Bara. Kwenye mitaa ya Dar kilikuwa chama kimoja, msiba mmoja. Magomeni yenyewe ilikuwa na kidonda chake: Februari 1998 polisi waliwapiga risasi Waislamu waliokusanyika msikiti wa Mwembechai, watu wakafa, na wengi wa mitaa ile hawakuona haki ikitendeka. CUF haikuwa chama cha msikiti. Lwakatare na Magoba ni ushahidi tosha. Lakini chama ambacho salamu yake ilikuwa "Haki!" na mwitikio wake "Sawa kwa wote!" kiliwapata watu waliokuwa wakilitafuta neno hilo hilo. CCM iliwaita wadini. Tuhuma hiyo ilirudiwa kwenye kila kampeni, na iliwagharimu kura nyingi nje ya Pwani kuliko hitilafu yoyote ya sera.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya ukame. Mwaka 2005 CUF haikupata jimbo hata moja Bara. Mwaka 2010 ilipata mawili, Lindi Mjini na Kilwa Kusini, lakini Dar es Salaam ikawa imepita mikononi mwa wengine: John Mnyika wa CHADEMA akashinda Ubungo, Halima Mdee akashinda Kawe. Maridhiano ya Zanzibar kati ya CCM na CUF, ambayo yalikuwa kazi njema na yalizuia damu kumwagika, yaliichafulia CUF huku Bara. Seif Sharif Hamad, au Maalim Seif, alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais Zanzibar, na vijana wa Dar wakawa wanawatania wana-CUF kwamba wamefunga ndoa na CCM.

Kilichowarudisha ni Katiba. Aprili 2014 wajumbe wa upinzani walitoka kwenye Bunge Maalumu la Katiba Dodoma na kuunda Umoja wa Katiba ya Wananchi, UKAWA: CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD. Baadaye wakakubaliana kusimamisha mgombea mmoja kila jimbo. Hapa ndipo chama chenye kwao kinapopata thamani yake halisi. CHADEMA ilijua ina nguvu Kawe, Ubungo, Kibamba na Ukonga, kwa vijana na wahamiaji wa mikoa ya bara. CUF ilijua mitaa yake. Kinondoni na Temeke zikaachiwa CUF, na watu wa CHADEMA wa Sinza na Kijitonyama walijikuta wakimnadi mgombea wa chama ambacho miaka mitano nyuma walikuwa wakikitania.

Januari 27, 2015, miezi tisa kabla ya uchaguzi, Lipumba alikuwa njiani kwenda Mbagala Zakhem kuwakumbuka waliouawa 2001. Polisi waliwazuia Mtoni Mtongani, wakapiga mabomu ya machozi na kumkamata. Bungeni Dodoma kikao kilivurugika kesho yake. Sidhani kama kuna kampeni ambayo CUF ingeweza kuilipia ikaizidi siku ile kwa kuwakumbusha watu wa Temeke chama chao ni kipi.

Oktoba 25 Maulid Mtulia alimshinda Iddi Azzan wa CCM Kinondoni, akipata zaidi ya kura 70,000. Wakili Abdallah Mtolea akamshinda Abbas Mtemvu Temeke kwa tofauti isiyo kubwa. Upinzani ulichukua majimbo sita kati ya kumi ya mkoa. Segerea ni funzo la upande wa pili: CUF ilimweka Julius Mtatiro, CHADEMA ikamweka Anatropia Theonest, hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake, na Bonnah Kaluwa wa CCM akapita katikati. Mbagala nayo, pamoja na historia yake yote, ilienda CCM. Wanaodhani watu wa Pwani ni kura ya mfukoni ya chama fulani wajiulize kwa nini.

Madiwani walileta jambo kubwa kuliko wabunge. Umeya wa Jiji ulicheleweshwa kwa miezi, vikao vikaahirishwa kwa sababu hii na ile, na Machi 2016 Isaya Mwita wa CHADEMA akachaguliwa Meya wa Dar es Salaam, na Mussa Kafana wa CUF naibu wake. Kwa mara ya kwanza tangu vyama vingi virudi, mji mkubwa kuliko yote nchini ulikuwa na baraza la jiji linaloongozwa na wapinzani, na CUF ilikuwa ndani yake. Pembezoni jambo hili lilikuwa na maana ya kila siku. Mifereji ya Tandale, taka za Buguruni, soko la Tandika, ushuru wa mama lishe na wa bodaboda, hayo yote hupita halmashauri. Mwaka huo huo serikali ilizigawa Kinondoni na Temeke, zikazaliwa manispaa za Ubungo na Kigamboni, na CCM ikapata wingi Kinondoni iliyobaki.

Kisha nyumba ikaungua kutoka ndani. Lipumba alikuwa amejiuzulu uenyekiti Agosti 2015, akipinga UKAWA kumpokea Edward Lowassa kutoka CCM kuwa mgombea wake wa urais. Mwaka uliofuata akataka kurudi. Mkutano mkuu wa Agosti 2016 pale Ubungo ulivunjika kwa vurugu. Septemba Msajili wa Vyama, Jaji Francis Mutungi, akamtambua Lipumba kuwa mwenyekiti halali, na siku moja baadaye Lipumba akaingia ofisi kuu ya Buguruni chini ya ulinzi wa polisi. Tangu hapo kukawa na CUF ya Lipumba na CUF ya Maalim. Matawi yaligawanyika, ndugu waliacha kusalimiana, ruzuku ikawa kesi. Aprili 2017 viongozi wa wilaya ya Kinondoni wa upande wa Maalim waliitisha mkutano na waandishi Mabibo. Watu waliofunika nyuso wakauvamia wakiwa na silaha, wakapiga viongozi na waandishi. Julai mwaka huo wabunge wanane wa viti maalumu walivuliwa uanachama na upande wa Lipumba.

Mbunge wa CUF katika mazingira hayo alikuwa amesimama juu ya ardhi isiyo yake. Kwa Katiba yetu, kiti ni cha chama: ukifukuzwa chama, umefukuzwa Bunge. Desemba 2017 Mtulia alijiuzulu, akajiunga na CCM akisema anaunga mkono juhudi za Rais John Magufuli, na CCM ikamrudisha kugombea kiti kile kile alichokiacha. Kampeni zilikuwa za ghadhabu. Februari 16, 2018, siku moja kabla ya kura, wafuasi wa CHADEMA waliandamana kudai viapo vya mawakala wao. Polisi wakafyatua risasi, na mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa ndani ya daladala, asiyehusika na lolote, akauawa Mkwajuni. Kura zilipohesabiwa, Mtulia alitangazwa mshindi kwa kura zaidi ya 30,000. Salum Mwalimu wa CHADEMA alipata 12,000 na ushei. Mgombea wa CUF, chama kilichochukua jimbo hilo zaidi ya miaka miwili nyuma, hakufikisha 2,000.

Zitazame kura hizo. Waliompa Mtulia kura 2015 wengi hawakumfuata CCM, hawakwenda CHADEMA, na hawakubaki na CUF. Walikaa nyumbani.

Temeke ilikuwa mbaya zaidi. Novemba 2018 Mtolea naye alijiuzulu na kuhamia CCM. Uchaguzi mdogo ukaitishwa, wapinzani wakuu walikuwa wameshasusia chaguzi za namna hiyo, na Mtolea akatangazwa amepita bila kupingwa. Watu wa Tandika, Keko, Mtoni na Yombo, waliomchagua mpinzani mwaka 2015, walipata mbunge wa CCM bila mtu yeyote kuwaomba kura. Machi 18, 2019 Mahakama Kuu iliamua kwa upande wa Lipumba, na siku hiyo hiyo Maalim Seif akawaongoza watu wake kuhamia ACT-Wazalendo. Zanzibar chama kizima kilihama naye. Dar es Salaam wengine walihama, wengine walichoka. Mwaka 2020 CCM ilitangazwa mshindi majimbo yote kumi. Maalim alifariki Februari 17, 2021, na wiki moja baadaye Rais Magufuli akalivunja Baraza la Jiji la Dar es Salaam.

Hukumu yangu ni hii. CUF haikuwagawa watu wa Dar es Salaam kama walivyodai walioiogopa. Iliwachukua watu waliokuwa na kinyongo cha miaka mingi, Wapemba wa Buguruni na Wamatumbi wa Mbagala, ikawafundisha kukipeleka kinyongo hicho kwenye foleni ya kupiga kura badala ya kukimeza au kukitoa mtaani kwa mawe. Viongozi wake waligombania cheo na ruzuku mpaka wakaivunja, na dola ikawashikia mlango. Aibu hiyo wataigawana. Aliyepoteza ni mpiga kura, maana kiti kilihesabiwa kuwa mali ya chama, na chama kikaamuliwa na Msajili, na hatimaye na mahakama.

Njia ya kutoka ipo na imeshatamkwa. Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua katika shauri la Mtikila na wenzake kwamba Tanzania inavunja haki kwa kumzuia mgombea binafsi. Uamuzi huo haujatekelezwa. Mwenye kura Temeke na Kinondoni, unapokutana na mbunge wako au mgombea yeyote, muulize kwanza yuko upande gani wa uamuzi huo, ndipo umsikilize ahadi za mifereji.